Maabara ya patholojia Dodoma: protini nne walizipima vizuri, milimita wakazisahau

Kwa miezi minne iliyopita nimekuwa nikimsindikiza mdogo wangu katika maabara moja binafsi ya patholojia, yaani ya kuchunguza nyama za mwili ili kutambua ugonjwa, hapa Dodoma. Nimeona niandike tathmini ya huduma yao, kwa sababu wagonjwa wa saratani ya kinywa wanaotoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni wanazidi kuelekezwa huko, na wengi hufika kaunta bila kujua wanacholipia. Jina la maabara sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya maneno yangu ni lawama na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Si daktari, na nitakayoyasema kuhusu tiba ni yale niliyoelezwa na madaktari wetu na kuyahakiki kwa kusoma.

Mdogo wangu ana miaka 32, ni fundi wa madirisha ya alumini. Havuti sigara, hanywi pombe, na ugoro hajawahi kuugusa. Mwishoni mwa mwaka jana alipata kidonda upande wa kushoto wa ulimi, akadhani amejing'ata usingizini. Daktari wa meno alimsaga jino lililokuwa na ncha kali, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi, kidonda kilikuwa palepale, kimekuwa kigumu ukingoni kama gome la mti, na daktari huyo, ambaye namshukuru mpaka leo, hakuongeza dawa ya kusukutua bali alikata kinyama siku ileile. Jibu lilikuwa saratani ya seli bapa, zile zinazofunika ulimi. Wiki chache baadaye alifanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya ulimi, na kipande kilichotolewa ndicho kilichotufikisha kwenye maabara ninayoizungumzia.

Nianze na mapokezi, kwa kuwa ndiko walikonishangaza kwa wema. Tulifika na kopo la plastiki tulilokabidhiwa chumba cha upasuaji, limefungwa kwa plasta. Dada wa mapokezi alilinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalizungusha, akauliza, "Mwalimu, hiki kipande kimewekwa saa ngapi?" Nilipomjibu, alikwenda ndani na kurudi na chombo kikubwa zaidi, akakihamishia kipande humo mbele yetu, akajaza fomalini mpya na kuandika saa kwenye lebo. Alinieleza kwamba fomalini inatakiwa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, na kwamba hupenya polepole sana, takriban milimita moja kwa saa, hivyo kipande kinene kilichobanwa kwenye kopo dogo huoza katikati wakati nje kinaonekana kizima. Nyama iliyooza haisomeki, na protini zake hazishiki rangi inavyopasa. Nimekuwa nikitumia fomalini kuhifadhi vyura wa maabara ya shule kwa miaka kumi na moja bila kulijua hilo.

Kisha ikaja kaunta ya malipo, na hapo mambo yakabadilika. Histolojia ya kawaida, yaani kusoma kipande cha nyama chini ya hadubini, ina bei yake, na bei hiyo si mbaya. Lakini karani alituambia kuwa kwa saratani ya ulimi "huwa tunafanya paketi", yaani kipimo cha imunohistokemia cha protini nne zinazoongoza mzunguko wa seli: p53, Ki-67, saiklini D1 na p16. Paketi hiyo ilikuwa na bei ya zaidi ya mara tatu ya histolojia yenyewe, na bima yetu haikuilipa. Hakuna daktari aliyekuwa ameiandika kwenye fomu. Nilipouliza itasaidia nini, nilijibiwa kwamba kwa kuwa mgonjwa ni kijana, itaonyesha "kwa nini amepata", na kwamba saratani ya vijana ni ya aina yake. Mtu aliyekaa na mdogo wake akiwa na bandeji mdomoni hawezi kubishana na sentensi kama hiyo. Nililipa.

Ili niwatendee haki, lazima nieleze kipimo chenyewe ni nini, kwa sababu kitaalamu walikifanya vizuri. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huukata mzizi wa kitunguu, huupondaponda kwenye slaidi na kuhesabu seli zinazogawanyika. Wanachokiona ni hatua ya mwisho tu ya safari ndefu: seli hukua, hunakili vinasaba vyake, hujikagua, ndipo hugawanyika. Mwaka 2001 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse kwa kugundua vidhibiti vya safari hiyo. Hunt aliziona saiklini katika mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba, protini zinazopanda na kushuka kila mgawanyiko, na kwa tabia hiyo ya kuzunguka zikapata jina lao. Saiklini D1 ndiyo inayoshirikiana na vimeng'enya viwili, CDK4 na CDK6, kuifunga mdomo protini iitwayo Rb, na Rb ikishanyamazishwa seli hupata ruhusa ya kuanza kunakili vinasaba. p16 ni breki ya vimeng'enya hivyo viwili. Ki-67, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1983 na kupewa jina la mji wa Kiel huko Ujerumani, huonekana katika seli iliyo safarini na hutoweka katika seli iliyopumzika, kwa hiyo huhesabiwa ili kujua ni seli ngapi kwa kila mia zimo kazini.

p53 naifananisha na mizani ya malori barabarani. Lori lililozidisha mzigo husimamishwa pembeni mpaka lipunguze, na likishindikana halisafiri tena. Seli yenye vinasaba vilivyoharibika nayo husimamishwa na p53 mpaka irekebishwe au ife. Ajabu yake ni hii: p53 nzima huvunjwavunjwa haraka mwilini, hivyo chini ya hadubini huonekana kidogo tu, hapa na pale, kwa rangi hafifu. Iliyoharibika mara nyingi haivunjwi, bali hurundikana kwenye viini vya seli. Kwa maneno mengine, rangi kali ya p53 ni ishara kwamba mizani ipo lakini imekufa.

Nilipata bahati ya kuyaona haya kwa macho. Mwanapatholojia wao, mama wa makamo mwenye maneno machache, aliponisikia nikijieleza kuwa mwalimu wa baiolojia aliniita ndani na kuniachia kiti cha hadubini. Slaidi ya mdogo wangu ilikuwa na ngozi nyembamba ya kawaida upande mmoja, seli zake zimepangwa kama matofali, viini vyao vya buluu na vichache vyenye doa la kahawia. Kisha, bila mpaka wa maana, matofali yakavurugika, ndimi za seli zikashuka chini kwenye misuli, na karibu kila kiini kilikuwa kahawia iliyokolea kama sukari guru. "Hii ndiyo p53 yake," alisema. Akanionyesha pia slaidi ya udhibiti, kipande kinachojulikana jibu lake, ambacho hukipaka rangi siku ileile pamoja na cha mgonjwa ili kama kemikali zimekufa waligundue wao kabla ya mgonjwa kuumia. Si kila mahali hufanya hivyo kwa uaminifu. Kingamwili wanazotumia, ambazo ndizo hushika protini inayotafutwa ili ipate rangi, hutunzwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na niliona karatasi ya kumbukumbu ya joto imebandikwa mlangoni, imejazwa asubuhi na jioni, pamoja na siku mbili ambazo umeme ulikatika na jenereta ikawashwa. Kwa ubora wa kazi ya mikono sina neno la kulaumu.

Tatizo linaanzia pale matokeo yanapokuwa karatasi. Kwenye benchi la kusubiri tulikaa zaidi ya mara moja na mzee mmoja wa Kigogo kutoka upande wa Kongwa, umri wake umepita miaka sabini, naye ana saratani ya ulimi, ya ukingo wa kulia. Mdogo wangu alimwamkia "Mbukwenyi" kwa lafudhi mbovu, mzee akacheka mpaka akashika shavu kwa maumivu, na tangu hapo wakawa marafiki. Mzee ametumia ugoro tangu ujana wake. Alikuwa amelipia paketi ileile, kwa fedha ya ng'ombe, naye hakuandikiwa na daktari. Siku majibu yalipotoka, kijana wake alisoma "p53: hasi" akainua mikono kumshukuru Mungu. Ya mdogo wangu iliandikwa "p53: chanya", na kwa dakika kadhaa pale kwenye benchi tuliamini kwamba mzee ameponea na kijana amehukumiwa.

Nilirudi ndani kuuliza. Yule mama alizitazama slaidi za mzee upya na kutueleza kwa utulivu kwamba kuna "hasi" mbili. Kuna ile ya rangi hafifu iliyotawanyika, ambayo ni hali ya kawaida. Na kuna ile ambayo ngozi nzima pembeni ina madoa machache kama inavyotakiwa, lakini kwenye saratani hakuna hata doa moja, kwa sababu jeni limeharibika kiasi kwamba protini haitengenezwi kabisa au haionekani. Ya mzee ilikuwa ya pili. Mizani ya kijana ilikuwa imekufa na mizani ya mzee ilikuwa imeng'olewa, na malori kwa wote wawili yalikuwa yanapita. Neno moja la "hasi", bila maelezo ya muundo wa rangi, lilikuwa limewapa watu wazima furaha ya uongo, tena kwenye ripoti iliyoandikwa yote kwa Kiingereza ambacho kijana yule alikitafsiri kwa kubahatisha. Sioni ni kwa nini ripoti isiambatanishwe na nusu ukurasa wa Kiswahili. Daktari abaki na yake, lakini mwenye ulimi naye ana haki ya kusoma.

Kuhusu p16 nitasema kwa kifupi. Karani alitueleza kuwa ni kipimo cha kirusi cha papiloma, ambacho vijana hupata saratani kupitia kwake. Hilo ni kweli kwa saratani ya koo na ya shina la ulimi, theluthi ya nyuma, ambako rangi kali katika angalau asilimia 70 ya seli huchukuliwa kuwa ushahidi wa kirusi hicho na hubadilisha hata namna ya kupanga hatua ya ugonjwa. Kwa theluthi mbili za mbele, zile unazoweza kuzitoa nje na kuzitazama kwenye kioo, kirusi hicho si chanzo cha kawaida na p16 haiwezi kutumika kama shahidi wake. Kidonda cha mdogo wangu kilikuwa mbele. Tulilipia jibu la swali ambalo halikuhusu.

Sasa lile swali kubwa lililouziwa paketi: je, saratani ya ulimi ya kijana ni tofauti na ya mzee? Si swali la kipuuzi. Watafiti wanaouliza hivyo huweka mpaka wa ujana kwenye miaka 40 au 45, wengine hushuka hadi 35, na katika nchi kadhaa, Marekani ikiwamo, idadi ya vijana wanaopata saratani hii imeonekana kuongezeka, wengi wao bila historia ndefu ya tumbaku. Ni jambo la akili kutegemea kwamba mwenye miaka 30 asiyevuta na mwenye miaka 75 aliyevuta miaka 50 wamefika kwenye ugonjwa kwa njia mbili. Kwa hiyo protini zilezile, p53, Ki-67, saiklini D1, Rb, p21 na wenzake, zimepimwa mara nyingi kwa makundi mawili ya umri. Kwa jumla hazikuwatenganisha. Yapo machapisho yanayoona tofauti hapa na mengine pale, lakini hakuna protini hata moja ambayo mwanapatholojia anaweza kuitazama, umri ukiwa umefichwa, akasema kwa uhakika huyu ni kijana na huyu ni mzee. Hata usomaji wa vinasaba vyote vya uvimbe umeonyesha kufanana zaidi kuliko kutofautiana. Njia mbili zinaonekana kukutana kwenye njia panda moja: mizani inaondolewa, mwendo unaongezwa, breki inakatwa.

Hilo nilithibitisha kwenye karatasi mbili za benchi letu, ingawa karatasi mbili si utafiti. Ki-67 ya kijana na ya mzee zilitofautiana kwa tarakimu chache tu, na saiklini D1 ilikuwa chanya kwa wote. Nilipomuuliza yule mama kama matokeo hayo yatabadilisha dawa, upasuaji au mionzi ya mmoja wao, alivua miwani, akasema, "Kwa sasa, hapana." Namheshimu kwa jibu hilo, na ndiyo maana inaniuma kwamba kaunta yake inauza kinyume chake. Protini hizi ni elimu nzuri na ni utafiti halali. Katika uchunguzi mgumu, pale mtaalamu anaposhindwa kuamua kama baka la ulimi limevuka mpaka au bado, p53 inaweza kumsaidia. Kumuuzia mkulima wa Kongwa kama paketi ya lazima ni jambo jingine.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye kosa lililonifanya niandike. Ripoti ya mdogo wangu ilikuwa na kurasa tatu. Ilikuwa na picha za rangi, asilimia, majina ya kingamwili na kampuni zake. Tulipoipeleka kwa daktari wa upasuaji, aliigeuza mbele na nyuma, akarudi ukurasa wa kwanza, akauliza, "Kina kiko wapi?" Hakikuwapo. Kilichoandikwa ni kwamba uvimbe una upana wa milimita 18 na kwamba kingo za upasuaji "ziko huru", bila kusema ziko huru kwa milimita ngapi.

Kina cha uvamizi ni umbali ambao saratani imeshuka kutoka usawa wa ngozi ya ulimi kwenda chini. Tangu toleo la nane la mfumo wa kupanga hatua, lililotolewa mwaka 2017, uvimbe wa kinywa haupangwi kwa upana peke yake. Wenye upana usiozidi sentimita 2 na kina kisichozidi milimita 5 ni hatua ya T1. Upana huohuo, kina kikizidi milimita 5, unakuwa T2. Kwa hiyo mdogo wangu, akiwa na milimita 18 za upana, angeweza kuwa katika yoyote kati ya hatua hizo mbili, na kurasa zile tatu hazikusema ni ipi.

Jambo hili si la makaratasi, kwani kina ndicho kinachomsaidia daktari kuamua kama aende shingoni kutoa tezi za limfu hata kama hazijavimba. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai walichapisha jaribio la kulinganisha wagonjwa wa saratani ya kinywa ya hatua za mwanzo waliotolewa tezi za shingo mapema na wale waliosubiri mpaka zivimbe. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai kati ya waliotolewa mapema walikuwa asilimia 80, na kati ya waliosubiri asilimia 67.5. Sioni protini yoyote kwenye paketi ile inayoweza kumpa mgonjwa tofauti ya namna hiyo, na kina hupimwa kwa rula iliyomo kwenye hadubini, kwenye slaidi ya kawaida ambayo tayari tulikuwa tumeilipia kwa bei ndogo.

Tulirudi maabara. Hapa karani alitaka tulipe tena ada ya "ripoti ya nyongeza", akatuandalia na namba ya malipo. Nilikataa, kwa sauti ambayo sasa naona ilizidi kipimo, na watu wa benchi wakageuka. Mwanapatholojia alitoka mwenyewe, akachukua fomu, akamwambia karani afute namba ile, kisha akaniomba radhi mbele za watu bila kuzungukazunguka. Alisema fomu yao ya saratani ya ulimi ilitengenezwa zamani na haina nafasi ya kina, na kwamba yeye alipaswa kuongeza kwa mkono. Wachache hukiri hivyo. Lakini kusubiri kuliendelea siku tano zaidi, kwa kuwa bloku ya nta, ile ambamo kipande cha nyama hugandishwa, ilibidi ikatwe upya ili wapate slaidi inayoonyesha sehemu ya chini kabisa.

Mambo madogo nayapitia haraka. Ujumbe wa simu wa kuarifu kuwa majibu yako tayari hufika kwa wakati, ila mara mbili ulifika majibu yakiwa bado. Eneo la kusubiri lina feni na maji ya kunywa, jambo ambalo mwezi wa kumi na moja hapa Dodoma si dogo. Bloku na slaidi hupewi mpaka uandike barua, lakini ukiandika unapewa siku hiyohiyo, na sisi tulizihitaji kwa ajili ya rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road endapo mionzi ingetakiwa.

Kwa kazi ya benchi la maabara nawapa nyota tano, kwa ripoti mbili, kwa kaunta moja. Anayekwenda huko na ndugu mwenye saratani ya ulimi, awe na miaka 30 au 80, amwombe daktari aandike kwenye fomu kwa mkono: kina cha uvamizi kwa milimita, umbali wa kila ukingo kwa milimita, na kama saratani imezunguka neva. Akitajiwa paketi, aulize nani ameiagiza. Mzee wa Kongwa, baada ya kuambiwa maana ya "hasi" yake, alidai arudishiwe fedha za p16, na nasikia alirudishiwa nusu.

Ripoti yetu ya pili ilitoka Ijumaa alasiri. Ilikuwa ukurasa mmoja: kina cha uvamizi milimita 7, ukingo wa karibu zaidi milimita 6, neva hazijaguswa, T2. Daktari wa upasuaji alisoma mstari wa kwanza, akafungua kalenda yake na kumpangia mdogo wangu upasuaji wa shingo Jumatano iliyofuata. Kurasa tatu za protini alinirudishia, na sasa nazitumia kufundishia kidato cha sita.